Bibi Pasi na Namba ya Mheshimiwa

"Mama Mtoto! Mama Mtoto, toka nje! Bibi Pasi anagombea!"

Nilikuwa ndani namwogesha mwanangu, mapovu yamempanda hadi masikioni. Sauti ilikuwa ya Redio, jirani yangu wa ukuta mmoja. Jina hilo hatukumpa kwa ubaya. Habari ikizaliwa mtaani alfajiri, kabla chai haijachemka yeye keshaitangaza, na betri zake haziishi.

"Anagombea nini?" nikamuuliza, mtoto mkononi analowesha gauni langu.

"Ubunge! Namba ya kitambulisho ya Mheshimiwa si ya Mheshimiwa. Ni ya Bibi Pasi. Soma mwenyewe, mimi simsingizii mtu."

Akanisukumia simu. Siku zile serikali ilikuwa imeanzisha huduma mpya: unatuma namba ya kitambulisho kwa ujumbe, linarudi jina la mwenye namba. Na fomu za wagombea zilikuwa zimebandikwa ubaoni nje ya ofisi ya uchaguzi, kila apitaye asome. Basi mtu mmoja asiye na kazi akaituma namba ya mgombea wetu, yule ambaye picha zake zilijaa kwenye kila nguzo, tai shingoni na tabasamu la kukopesha. Jina lililorudi halikuwa la bwana huyo wa kwenye nguzo. Lilikuwa la Bibi Pasi, la kwake, la baba yake na la babu yake, vilevile lilivyoandikwa kwenye kadi yake ya kliniki ya macho. Nalijua, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea kadi hiyo.

"Labda majina yamefanana," nikasema.

"Na babu naye kafanana? Babu wa Bibi Pasi alikuwa na wajukuu wangapi wenye magari?"

Tukageuka wote wawili kutazama uani. Bibi Pasi alikuwa mahali pake pa siku zote, meza yake kati ya bomba la maji na mlango wangu, anaichezesha pasi ya mkaa hewani ili moto uamke. Pasi hiyo ni nzito, mtu mgeni akiinyanyua hujuta. Yeye ameibeba tangu alipofiwa na mume na kubaki na watoto wa kulisha. Akitaka kujua moto umefika, hulowesha kidole gumba na cha shahada kwa ulimi, anagusa chuma, tsss, anasikiliza. Hatazami. Hata macho yalipokuwa mazima alikuwa akisikiliza. Mteja akilalamika kwamba nguo imechelewa, humjibu, "Mimi kazi yangu ni kunyoosha nguo. Watu wameshanishinda."

Redio akamfuata na kumweleza habari yote, mikono inapaa. Bibi akaishusha pasi taratibu juu ya kigae chake.

"Mimi ndiye mgombea?"

"Ndivyo simu inavyosema, Bibi."

"Haya. Sera yangu ya kwanza, kila mtu akunje nguo zake mwenyewe." Akacheka mpaka akakohoa, nasi tukacheka naye. Hatukujua bado tunachekea nini.

Maana Bibi alikuwa na jambo lake wiki ile, na ua mzima tulikuwa tukilihesabia siku pamoja naye. Macho yake yote mawili yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho. Alikuwa akituambia, "Niliowazaa wameondoka wakaenda zao. Huyu mtoto wa jicho ndiye kakataa kuhama." Lakini mzaha ulikuwa unamwishia. Shati jeupe la mteja lilikuwa limeungua mgongoni, alama ya pasi imekaa kama jani kavu, na yeye hakuiona. Aliisikia kwa pua. Tangu siku hiyo nguo zilizoletwa zilipungua. Mwanangu alizaliwa wakati ukungu umeshatanda. Bibi hajawahi kumwona uso. Alikuwa akimpapasa kwa mgongo wa mkono, kwa kuogopa kiganja chake kitamkwaruza, na kuniuliza, "Pua kachukua ya nani?"

Sasa madaktari wa macho, wale wageni wanaokuja mara moja kwa mwaka, walikuwa wamefika hospitali ya wilaya. Jina la Bibi lilikuwa kwenye orodha yao. Wangeondoka Jumamosi jioni.

Siku ileile ya tangazo la Redio nilimpeleka kwa vipimo vya mwisho. Muuguzi alikuwa binti mcheshi, anatafuna kalamu. Akaingiza namba ya kitambulisho cha Bibi kwenye kompyuta, akakunja uso, akaingiza tena.

"Bibi, hapa umeandikwa mwanamume."

"Tangu lini?" Bibi akauliza.

Muuguzi akacheka. Kisha akasoma jina lililotokea, kalamu ikamdondoka mdomoni. Lilikuwa jina la Mheshimiwa, lile la kwenye nguzo.

Chini yake kulikuwa na mstari mwekundu. Muuguzi alitugeuzia kioo tuuone: namba ina pingamizi, imefungwa mpaka shauri liamuliwe. Watu wa mgombea mpinzani walikuwa wameshapeleka malalamiko ofisi ya uchaguzi, na namba zote mbili, ya Bibi na ya Mheshimiwa, zilikuwa zimefungiwa pamoja kama mbuzi wawili kwenye kamba moja.

"Bila namba kufunguka siwezi kumwingiza chumba cha upasuaji," muuguzi akasema, sasa kwa sauti ya huruma. "Si mimi, Bibi. Ni mashine."

"Na madaktari?"

"Wanaondoka Jumamosi."

Njiani kurudi Bibi alinifuata hatua kwa hatua. Mkono wake ulikuwa begani kwangu, naye mtoto mgongoni akawa anauchezea, anavuta kidole kimoja kimoja. Tulipofika kwenye kibanda cha fundi baiskeli, nje ya ua wetu, Bibi akasimama.

"Fundi, wewe ulikuwepo. Siku ya kuandikishwa vitambulisho, mimi nilikosea nini?"

Fundi baiskeli ndiye mpangaji wa zamani kuliko wote baada ya Bibi. Akalaza spana juu ya goti, akatafakari. Halafu nikamwona macho yanamtoka.

"Ndoo!" akasema. "Mama yangu wee! Si tuliweka ndoo?"

Hapo inabidi nieleze, kwa sababu mtu wa mahali pasipo na shida ya maji hawezi kuelewa. Katika ua wetu hakuna anayesimama foleni ya bomba. Foleni inasimama ndoo. Unaweka ndoo yako, unarudi kwenye shughuli zako, na maji yakitoka kila mtu anasogeza ndoo yake na iliyo mbele yake, kwa mkono au kwa mguu. Hakuna anayekula zamu ya mtu. Ndoo ya mtu ni mtu. Basi makarani wa vitambulisho walipokuja kuandikisha pale shuleni, zamani hizo, watu wa ua wetu walifanya kile walichozoea. Waliweka ndoo, wakaenda zao.

Karani wa kwanza alikuwa mtu mpole. Alipita kwenye foleni anauliza, "Ndoo hii ya nani?" Aliyekuwepo anamjibu kwa niaba ya asiyekuwepo. Karani anaandika jina na namba, anatumbukiza kikaratasi chenye namba tupu ndani ya ndoo, anapita. Mwenye ndoo akirudi anachukua kikaratasi chake, anakwenda nacho ndani kwa karani wa pili, anapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole vyote, na kadi inatengenezwa kwa namba hiyo na jina analolitaja mwenyewe.

"Ya kwako ilikuwa ya manjano," fundi akasema. "Na nyuma yake kulikuwa na ya manjano nyingine. Ya Usaili."

"Usaili ni nani?" nikauliza.

Redio alikuwa keshafika, sijui kapitia wapi. "Hujui? Usaili ndiye Mheshimiwa! Alikuwa anakaa chumba kile cha mwisho, kijana hana kazi, kila siku anakwenda usaili, anarudi na shati limelowa. Tukamwita Usaili. Bibi ndiye aliyekuwa akimnyooshea hilo shati."

"Nilikwenda kuangalia pasi," Bibi akasema polepole. "Nilikuwa nimeiacha juu ya suruali ya mwalimu."

"Na Usaili alikwenda kunywa chai," akasema fundi. "Na mimi nilikuwa nyuma yenu. Nilizisogeza." Akatazama mguu wake wa kulia kama mguu uliomsaliti. "Nilizisogeza kwa huu. Vikaratasi vimeshaingia, sijui ipi ilipita mbele ya ipi."

Hakuna aliyeiba. Kila mmoja alichukua kikaratasi kutoka ndoo ya mwenzake, na serikali nzima ikaamini ndoo.

Ungedhani baada ya hapo jambo lingekuwa jepesi. Thubutu! Kweli ilikuwa imepatikana, lakini hakuna aliyekuwa akiitafuta.

Asubuhi iliyofuata spika zilifika kabla ya jogoo wa jirani. Gari dogo la mpinzani lilisimama mdomoni mwa kichochoro likipiga kelele: "Namba ya bibi mnyonge imeibwa! Namba ya bibi mnyonge imeibwa!" Watoto wakalijibu kwa kuimba: "Mheshimiwa Pasi! Mheshimiwa Pasi!" Waandishi wa habari wakapanga kamera zao mbele ya meza ya Bibi, mmoja akaegemea kamba ya nguo, shuka za mteja zikalala matopeni. Vijana wa Mheshimiwa nao wakaja na fulana zao, wakaanza kuwatania wale wa spika.

"Mgombea wenu yeye ana namba ya nani? Ya mamba?"

"Wenu aende akapige pasi!"

Kati ya vumbi hilo akatokea wakili wa mpinzani, suti ya kijivu, viatu vinang'aa. Akamwamkia Bibi kwa heshima, akaketi kwenye kigoda changu bila kuuliza.

"Bibi, sisi tunataka haki yako. Ijumaa kuna kikao. Useme neno moja tu: nimeibiwa. Sisi tutakupeleka hospitali kubwa, si hii ya hapa. Baada ya uchaguzi."

"Na namba yangu itafunguliwa lini?"

"Shauri la wizi linachukua muda, Bibi. Lakini haki haiharakishwi."

"Ahaa," Bibi akasema, na kutia mkaa kwenye pasi.

Jioni yake, jua bado lipo kwenye paa za bati, akaja mwenyewe. Gari lake lilishindwa kuingia kichochoroni, akaja kwa miguu, na alipofika kwenye kamba ya nguo akainamisha kichwa bila kutazama, kama mtu ambaye mwili wake bado unakumbuka kamba ilipo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nani huyo? Sauti naijua, kiatu sikijui."

Akacheka kidogo. "Ni mimi, Bibi. Usaili."

Redio, aliyekuwa akijifanya anaosha sufuria safi, akaiangusha.

Mheshimiwa hakukaa. Nilikuwa mlangoni namnyonyesha mwanangu, nikamwona anavyopindisha pete yake kidoleni. Si mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye hofu aliyevaa vizuri.

"Bibi, habari ya ndoo nimeisikia, na ni kweli, nakumbuka. Lakini wanasheria wangu wanasema Ijumaa kutakuwa na mashine ya kupima vidole vyetu sote wawili, na nikija nikabonyeza mbele ya watu, nimekiri kwamba namba si yangu. Nitakatwa jina. Tunyamaze, shauri litajifia lenyewe. Baada ya uchaguzi nitalimaliza kimyakimya."

"Na macho yangu nayo yanyamaze?"

"Nitakutafutia daktari mwingine."

"Baba," Bibi akasema, na pasi yake ikaendelea kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, "asubuhi upande wa pili wameniahidi hospitali baada ya uchaguzi. Sasa na wewe unaniahidi daktari baada ya uchaguzi. Hiyo Baada ya Uchaguzi ina wagonjwa wengi mno. Nitapata kitanda kweli?"

Bibi akaiweka pasi kando, akanyoosha mkono, akapapasa mpaka akaipata kola yake. Akaipitisha kati ya vidole.

"Nani anakupigia pasi siku hizi? Kola imejikunja."

"Kijana fulani, Bibi."

"Mwambie aanze na kola, si mgongo." Akaiachia. "Mimi Ijumaa nitakwenda. Nitasema kilichotokea, sitasema umeiba wala sitasema namba hazikuchanganyika. Lakini kidole changu peke yake hakitoshi. Njoo."

"Nitafikiri, Bibi."

"Fikiri haraka. Jicho langu halina duru ya pili."

Akaondoka. Usiku ule Bibi aliniomba nimfulie gauni lake la bluu, na asubuhi akalinyoosha mwenyewe, polepole, uso karibu ugusane na kitambaa. Halikuwa na kunjo hata moja.

Ijumaa ukumbi wa ofisi ya uchaguzi ulijaa mpaka watu wakaning'inia madirishani kama popo. Msimamizi wa uchaguzi alikuwa mama mmoja mwembamba, miwani kwenye mnyororo, sauti ndogo lakini ikitoka kila mtu ananyamaza. Pembeni yake aliketi ofisa wa vitambulisho na kimashine chake cha kusoma vidole, hakizidi ukubwa wa kibiriti. Kiti cha Mheshimiwa kilikuwa kitupu. Wakili wake akasema mteja wake ana ratiba. Watu wakaguna.

Nilimwongoza Bibi mpaka mbele, mwanangu kwenye mbeleko. Wakili wa mpinzani akasimama kwa madaha.

"Bibi, uliwahi kumpa mtu yeyote namba yako?"

"Sikuwahi."

"Kwa hiyo iliibwa!"

"Mwanangu, mbona una haraka kuliko foleni?"

Ukumbi ukacheka. Bibi akaeleza. Akaeleza bomba, pasi, suruali ya mwalimu, chai ya Usaili, na ndoo mbili za manjano.

"Msimamizi," wakili akasema akiwageukia watu, mikono wazi, "tunaambiwa hapa kwamba ndoo zilijiandikisha!"

"Zilisogezwa kwa mguu!" sauti ikapasuka kutoka dirishani. Alikuwa fundi baiskeli, ananing'inia nusu ndani nusu nje. "Mguu wangu! Zote zilikuwa za manjano!"

"Kweli! Hata yangu ilikuwepo!" akapiga kelele mwingine.

"Na yangu! Ya bluu, haina mshikio!"

Msimamizi akagonga meza. "Wewe wa dirishani, ingia utoe ushahidi au shuka. Na ninyi wenye ndoo, nyamazeni." Fundi akaingia kupitia dirisha hilohilo, spana mfukoni, akaapishwa huku anahema.

Msimamizi alipomaliza kumsikiliza, akavua miwani. "Nimeelewa. Majina aliandika karani wa kwanza, kwa ndoo. Vidole alichukua karani wa pili, kwa mtu. Jina linaweza kukosewa, kidole hakikosewi. Kama maneno haya ni ya kweli, kila mmoja wa hawa wawili atafungua namba iliyo kwenye kadi yake, na ndani yake tutakuta jina la mwenzake. Vidole vyote viwili vikifungua, ni kosa la uandikishaji, nalifuta leo. Kikifungua kimoja, pingamizi linabaki. Kimoja mtu anaweza kukipachika." Akatazama kiti kitupu. "Na mmoja hayupo."

Wakili wa kijivu akaanza kukusanya karatasi zake, anatabasamu.

Ndipo ikasikika ghasia nje. "Pisha! Pisheni jamani, pisheni!" Mheshimiwa akaingia mbio, gari lake limekwama katikati ya umati wake mwenyewe, tai imepaa begani, shati limelowa chapachapa kama la enzi za usaili.

"Nipo!" akasema. "Msimamizi, nipo."

Wakili wake akamshika mkono. Akaukwepa. Akaweka kidole gumba kwenye kimashine. Taa ya kijani. Ofisa akasoma kwa sauti: namba ni ileile ya kwenye kadi ya Mheshimiwa, na jina lililo ndani ni la Bibi.

Madirisha yakalipuka kwa kelele. Msimamizi akanyoosha mkono. "Bado mmoja."

Bibi akaweka kidole gumba cha kulia. Taa nyekundu. Akakifuta kwenye gauni, akarudia. Nyekundu. Cha shahada. Nyekundu.

Ofisa akakivuta kidole karibu na jicho lake. "Alama zimefutika. Ni laini kama chuma cha pasi yenyewe." Tsss zile zote, miaka yote ile, ndizo zilizokuwa zimekula alama.

"Mashine haimtambui," wakili wa kijivu akasema kwa furaha. "Basi Msimamizi..."

"Kuna vidole kumi," Msimamizi akamkata.

Vitatu vilivyobaki vya kulia, nyekundu vyote. Mkono wa kushoto. Gumba, nyekundu; ndio mkono unaonyoosha kitambaa mbele ya pasi. Cha shahada, nyekundu. Nikasikia mwanangu akinyonya ngumi yake. Ngozi ya Bibi ilikuwa imepasukapasuka kama udongo wa kiangazi. Nikaingiza mkono kwenye mbeleko nikatoa kikopo cha mafuta ya mtoto, nikamtazama Msimamizi.

"Naweza?"

"Paka."

Nikampaka vidole vilivyobaki, nikavisugua kama ninavyomsugua mwanangu baada ya kuoga, nikavifuta kwa nepi safi.

Cha kati, nyekundu. Mtu mmoja nyuma akasema, "Yarabi." Cha pete, nyekundu. Mheshimiwa alikuwa amesimama wima, tai bado begani.

Kikabaki kile kidogo cha mwisho, ambacho Bibi hukiinua juu akikunja kola ili kisiguse chuma. Akakiweka.

Kijani.

Ofisa akasimama bila kujijua. "Namba ya kwenye kadi ya Bibi! Na jina... jina ni la Mheshimiwa!"

Sijui nani alianza. Najua Redio alinikumbatia pamoja na mtoto, najua fundi baiskeli alirusha spana hewani na watu wakainama, najua hata wale wa spika walijisahau wakapiga makofi, kisha wakakumbuka na kuacha. Msimamizi alikuwa akigonga meza huku naye meno yakiwa nje.

"Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa," akasema kelele zilipopungua.

"Lakini kimevunja pingamizi!" Redio akamjibu, na vurugu ikaanza upya.

Majina yakabadilishwa palepale, kila mmoja akabaki na namba yake na jina lake. Mheshimiwa akabaki mgombea. Kama atachaguliwa ni shauri la masanduku. Ofisa akampigia muuguzi wetu simu. Namba imefunguka. Muuguzi akasema Bibi afike kesho, siku ya mwisho ya madaktari, lakini atakayewahi ndiye atakayeingia, na foleni huanza kabla ya jua.

Nje, Mheshimiwa akatufuata. "Bibi, kesho nitaleta gari. Nitawaambia wakutangulize."

"Gari lete, miguu yangu haina siasa," Bibi akasema. "Kunitanguliza, hapana. Nikitangulizwa na mgombea, Jumatatu litakuja pingamizi la jicho." Kisha akamtengenezea tai, kwa kupapasa, akaikalisha katikati. "Na ahsante kwa kuja, mjukuu wangu."

Tukarudi nyumbani kwa miguu, umati unatufuata, watoto bado wanaimba. Uani, Bibi akaketi mbele ya meza yake baridi, akamchukua mwanangu mapajani. Mtoto akakikamata kidole kile kidogo, bado kina mafuta, akakitia mdomoni.

"Mama Mtoto," Bibi akasema.

"Abee, Bibi."

"Kesho mimi siwezi kusimama tangu alfajiri, miguu itanitoka. Nenda wewe kwanza, uniwekee foleni. Nami nitakuja na gari la huyo mtu."

"Nitakwenda, Bibi."

"Na huyu umbebe, nataka awe karibu wakinifungua macho." Akanisogelea, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Ila nakuomba kitu kimoja, mwanangu. Usiweke ndoo. Simama mwenyewe."